Watani wa Pangoni

Jamani, Shimba alikuwa na mdomo! Msukuma wa Ulaya yule, Ulaya kijiji cha Kilosa, si ile ya wazungu. Wazazi wake walihamia huko na ng'ombe wao, naye akaenda kuoa juu milimani, kwa Wasagara, ambako kabila lake lilihesabiwa watani. Basi kila msiba wa ukweni yeye ndiye burudani. Kuna siku aliingia kaburini kabla ya marehemu, akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Watu wakacheka huku wanalia. Ndivyo utani ulivyo: mtani akichukua chako unakikomboa kwa kitu kidogo, na hukasiriki.

Miaka ile biashara ilikuwa ruksa, na kila mtu anatafuta pa kutokea. Shimba alikuwa amewaona wazungu wakimiminika Mikumi kutazama tembo. Akajiuliza, kwa nini wasije na huku, watazame mapango ya wakwe zangu, halafu wapumzike kwenye ziwa lililo chini yake? Jumapili moja baada ya ibada akapanda na mkewe, Bibiana, kwenda kukagua. Bibiana alikuwa amembeba mgongoni Anitha, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Alimpata mtoto huyo baada ya mimba kuharibika moja baada ya nyingine, na hakuwa wa kumwachia mtu hata kidogo. Mbele alitangulia Mjomba Donati, ndugu wa mama yake Bibiana, maana pango lile haliingiwi bila mwenyeji.

Mlangoni Mjomba aliweka kibuyu cha pombe na unga wa mtama juu ya jani, akaanza kunong'ona majina ya wazee waliokufa. Hata hajamaliza, Shimba akanyakua kibuyu.

"Watani zangu, mmeshalala, pombe ya nini?"

Akaigugumia yote. Bibiana akacheka. Ndiyo, alicheka, na hilo linamuuma mpaka leo.

Mjomba hakucheka. "Baba Anitha," alisema kwa sauti ya chini, "hata wao ni watani. Na wanajua kutania."

Wakaingia.

Ndani baridi. Harufu ya mavi ya popo, na nyingine tena... ya unga uliolowana. Maji yanadondoka. To... to... Shimba akamulika tochi juu, akaona mawe yanavyoning'inia, akaangua kicheko cha furaha. Kicheko kikaenda, kikarudi.

Akanyamaza.

Kicheko kikaendelea.

Kilikuwa cha vikongwe, wengi, waliovunjika mbavu. Kikapita nyuma ya Bibiana, karibu mno, akahisi pumzi shingoni.

"Tutoke," Mjomba alinong'ona. "Msikimbie."

Walikimbia.

Walipofika ziwani jua lilikuwa linashuka. Bibiana aliketi kwenye nyasi akihema, akafungua mbeleko amnyonyeshe mtoto.

Jiwe.

Jiwe la pangoni, limelowa, lina joto kama mtoto aliyelala.

Alipiga yowe hilo! Shimba akashika panga, akaanza kupanda mbio huku akiwatukana wazee na makaburi yao. Mjomba akamdaka shati.

"Ukiwakasirikia, basi tena! Mtoto amechukuliwa kwa utani, atakombolewa kwa utani." Akamgeukia Bibiana. "Mwanangu, nenda wewe. Nenda unacheka."

"Nicheke, Mjomba?"

"Cheka."

Akapanda na jiwe lake kifuani, anacheka. Anajikwaa, anainuka, anacheka. Mlangoni akaliweka chini.

"Watani," akaita, "mmenipa jiwe, litanyonya hili?"

Ikaja sauti ya bibi kizee, karibu na sikio lake.

"Tubakishie kitu. Kidogo tu."

"Chukueni mnachotaka!"

Hakuuliza ni kitu gani. Mama gani angeuliza? Anitha akatoka gizani akipepesuka, mdomo mweupe kwa unga, anacheka.

Waliteremka kwa furaha, na habari ya wazungu haikutajwa tena. Siku chache baadaye Bibiana alikuwa uani anachambua mchicha. Akamsikia Anitha jikoni anacheka, anacheka sana. Akatabasamu, akaendelea na mboga zake.

Harufu ndiyo iliyomwinua.

Mkono wa mtoto ulikuwa ndani ya makaa.

Kidonda kilipona. Lakini Anitha hajalia tena tangu pangoni, si kwa njaa, si kwa homa, si kwa sindano. Kila jioni Bibiana humvua nguo zote amkague mwili mzima, maana mtoto hatasema. Na Shimba akiwa hayupo, humpakata, akamfinya paja.

"Lia, mama," humbembeleza. "Lia kidogo tu."

Anitha hucheka. Bibiana humfinya tena, kwa nguvu zaidi, machozi yakimtoka yeye.