Sufuria Ndani ya Vitambaa

Fundi wa cherehani alikuwa na kikapu kikubwa cha vipande vya vitambaa. Mwingine angevitupa, yeye alivipikia. Sufuria ikianza kutoa mvuke tu, aliizika ndani ya vitambaa, akarudi kushona. Chakula kilijiivia chenyewe, mkaa ukabaki.

Wiki iliyopita alizika mchuzi wa pilipili wa maharage meupe na kuku. Jioni nyumba nzima ilitapika. Binti yake mdogo alilegea kama kitambaa kilicholowa, akalazwa hospitali.

Leo karudi, macho yameingia ndani. Anataka kitu kimoja.

"Mama, nipikie ule mchuzi mweupe wa pilipili."

Fundi alishika sufuria, akairudisha mezani, akabaki anaitazama.

"Safari hii tuonje kwa zamu," mumewe akatania. "Anza wewe." Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Ikabidi fundi amwite jirani yao, mpishi wa hospitali, mama mwingi wa maneno.

"Jirani, mbona unaitazama sufuria utadhani itakuuma?"

"Ilishatuuma, dada."

Fundi akaeleza alivyopika. Mpishi akashika kiuno.

"Maharage haya yakiwa mabichi yana sumu. Inauawa na moto mkali. Kikapu chako kiliibembeleza tu. Na yule kuku hakuiva, alikoga maji ya moto."

Fundi alijua binti atayaomba, akawa ameyaloweka maharage tangu jana. Wakamwaga maji yale, wakatia mapya.

"Yaache yachemke kwa fujo nusu saa nzima. Ndipo upunguze moto, yalainike."

"Na kikapu changu?"

"Leo kipumzike. Kimefanya kazi kupita kiasi."

Fundi akakata kuku, akaosha ubao, kisu na mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kitunguu. Akakaanga kitunguu, kitunguu saumu na pilipili za kijani. Akatia kuku, maharage yaliyolainika, chumvi na maji kidogo. Maharage machache akayaponda, mchuzi uwe mzito.

Baadaye akapasua kipande cha kuku. Katikati palikuwa pekundu. Akamwonyesha jirani.

"Kirudishe," alisema mpishi. "Chakula hakina haraka, wenye haraka ni sisi."

Mara ya pili nyama ilikuwa nyeupe mpaka ndani. Fundi akala wa kwanza. Kisha binti akala, na mama akahesabu kila kijiko kwa macho.

Mchuzi uliobaki ulipopoa, wakauweka kwenye friji. Fundi akarudi kwenye cherehani, lakini masikio aliyaacha chumbani kwa mtoto. Mshono ukaenda upogo. Akaufumua, ukaenda upogo tena.

"Mama."

Mkasi ukamdondoka. Akakimbia hadi mlangoni, beseni la kutapikia mkononi.

Binti alikuwa amekaa kitandani, kashika bakuli tupu.

"Mchuzi umebaki?"

Fundi akaketi sakafuni na beseni lake, akacheka huku machozi yanamtoka. Kisha akainuka, akauweka mchuzi motoni, akasimama hapohapo mpaka ulipochemka kwa fujo.