Mbuzi Mweupe wa Tarehe Tisa

“Boti lile lilikuwa la kijani, Mama Agnès. Kijani cha majani ya muhogo. Mimi njo nilitengeneza motere yake.”

“Motere gani, injini ya nani? Bluu, nasema, na ubavuni liliandikwa Imani. Wewe Papa Edouard, mwaka ule mzima ulikuwa umelewa.”

“Nani kakwambia nililewa? Muulize mke wangu.”

“Nilimuuliza. Yeye njo aliniambia.”

Watu waliosimama kando ya ua wakacheka. Elsa, aliyekuwa akipita na bidoni tupu kwenda bombani kama kila asubuhi, hakucheka. Alisimama palepale. Boti ambalo majirani hao wawili walikuwa wakiligombania alilijua kuliko mtu yeyote wa Kalemie, kwa sababu alikuwa amelitunga mwenyewe, juzi Jumatatu, kwa chaki.

Mambo yalikuwa hivi. Shule yao ilikuwa na ubao mkubwa unaotazama barabara. Kila Jumatatu mwanafunzi mmoja wa mwaka wa sita aliandika pale mambo matatu yaliyowahi kutokea katika tarehe ya siku hiyo. Ubao huo ulisomwa na mtaa mzima. Wenye pikipiki walipunguza mwendo, wauza samaki walisimama na mabeseni kichwani, na wasiojua kusoma waliwauliza wanaojua. Zamu ya Elsa ilikuwa imeangukia tarehe tisa Februari. Katika kitabu cha Mwalimu Néhémie alikuwa amepata mambo mawili. La kwanza, mwaka 1916 meli ya vita ya Wajerumani ilizamishwa katika ziwa lao hili hili. La pili, mwaka 1971 watu watatu waliotoka safari ya mwezini walitua baharini salama. La tatu lilihitaji kutafutwa, na Jumapili mchana kutwa Elsa alikuwa kwa rafiki yake Chérie, wakitazama mchezo wa kwenye televisheni.

Basi akaandika: “3. Mwaka 2012, boti la mbao lilitoka Moba, halikufika Kalemie. Watu kumi na mmoja.” Akaongeza: “Na mbuzi mweupe aliyefungwa mbele.” Halafu akaona mbuzi amezidi, watu hawataamini. Akafuta maneno ya mbuzi kwa kitambaa chenye maji, ubao ukang’aa kama haujawahi kuguswa. Mwalimu Néhémie alipomuuliza, “Hili la tatu umelitoa wapi?” akajibu, “Kwa babu yangu.” Mwalimu akainamisha kichwa kwa heshima ya wazee na kuingia darasani.

Sasa ilikuwa Jumatano. Rangi ya boti Elsa hakuiandika popote, wala jina. Na watu wazima hawa walikuwa wakilikumbuka.

“Na msisahau mbuzi,” Mama Agnès akasema, akishusha sauti. “Mbuzi mweupe, amefungwa mbele. Mimi bado namuona.”

Bidoni ikamponyoka Elsa mkononi. Hakuna aliyekuwepo alipoandika maneno yale. Aliyafuta kabla jua halijapanda.

Akaiokota akaondoka haraka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na ziwa lilikuwa limejifunika ukungu hadi kwenye mchanga. Haukuonekana mtumbwi, haukuonekana mstari wa maji. Kutoka ndani ya weupe ule, mbali kidogo, akasikia mlio mmoja mwembamba, mrefu. Mee. Akasimama. Ukungu haukutikisika. Akawaza jambo lililomfanya ahisi baridi shingoni: je, nililitunga kweli boti lile? Au lilikuwepo huko, likasubiri mtu mwenye chaki?

Darasani hakusikia somo hata moja. Mchana, akirudi nyumbani, akapita mbele ya nyumba ya Mama Marthe, muuza samaki wakavu wa mikebuka. Mtaa mzima ulijua habari ya sahani ya Mama Marthe. Mume wake, Papa Damien, alikwenda Moba kununua mahindi, hakurudi. Hakuna aliyejua kama alipanda boti, au gari, au alikataa tu kurudi. Na kila siku, Mama Marthe alipopakua chakula, alipakua na cha mume wake, akakifunika, akakiweka mezani mkabala na mlango.

Siku hiyo sahani ilikuwa nje, imeoshwa, imepinduliwa juu ya kichanja cha vyombo karibu na sufuria. Kwenye mkeka zilitandazwa nguo za mwanamume: mashati manne, suruali mbili, na koti la mvua. Pembeni palikuwa na kitenge cheusi kipya kilichokunjwa.

“Njoo, mutoto wangu,” Mama Marthe akasema. Sauti yake ilikuwa nyepesi, kama ya mtu aliyetua mzigo. “Jumamosi nanyoa nywele. Padri amekubali kusoma misa. Nguo hizi nawagawia ndugu zake.”

“Kwa nini, Mama?” Elsa akauliza, ingawa alishajua.

“Februari ya mwaka ule njo alienda. Watu kumi na mmoja, uliandika. Wa kumi na mmoja ni yeye, moyo umeniambia.” Akalipapasa shati moja kwenye ukosi. “Kila jioni, jua likizama, nilikuwa nasikia miguu yake hapo mlangoni. Anafika, anasimama, haingii. Tangu juzi ulipowaandikia watu tarehe yake, hakuja tena. Mungu aubariki mkono wako.”

Elsa akautazama mlango. Palikuwa na kizingiti cha udongo kilicholika katikati, na hakuna mtu. Hata hivyo akapita mbali nacho alipoondoka, kama mtu anayempisha mwingine njia.

Hakwenda nyumbani. Alirudi shuleni mbio. Barabara ilikuwa tupu, watu wamejificha jua. Alipofika mbele ya ubao, akasogea karibu. Chini ya mstari wa tatu, maneno aliyoyafuta yalikuwa yamerudi. Yalikuwa meupe hafifu, kama mifupa ya samaki ndani ya supu, lakini yalisomeka yote: Na mbuzi mweupe aliyefungwa mbele.

“Umekuja kumtazama mbuzi wako?” sauti ikamuuliza nyuma yake.

Elsa karibu apige kelele. Alikuwa Mwalimu Néhémie, ameshika funguo za darasa.

“Mwalimu, nilimfuta. Nakuapia nilimfuta.”

“Kwa kitambaa cha maji?” Mwalimu akachovya kidole katika ndoo ya maji iliyokuwa chini ya ubao, akapitisha juu ya maneno. Palipolowana, herufi zikatoweka. Wakasubiri kidogo jua likaushe, zikarudi moja moja. “Ubao ukilowana unaonekana safi. Ukikauka, chaki iliyobaki inaonekana. Mtaa mzima umemsoma mbuzi huyu tangu Jumatatu mchana, isipokuwa ninyi mnaoingia shuleni kwa nyuma.”

“Na asubuhi nilimsikia akilia ziwani.”

“Boti za Moba zinashusha mbuzi kila wiki, Elsa. Kwa nini unaogopa?”

Ndipo akamwambia yote, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Mwalimu akatia funguo mfukoni.

“Na mimi nilipaswa kumuuliza babu yako,” akasema. “Hilo ni kosa langu, nitalisema mwenyewe. Lakini wa kuambiwa kwanza si mimi. Twende.”

Walimkuta Mama Marthe na wageni. Mama Agnès alikuwa amekuja kumsaidia kukunja nguo, na Papa Edouard alikuwa amemfuata ili waendelee kubishania rangi ya boti. Elsa akasimama katikati ya ua, mikono nyuma.

“Mama Marthe, boti lile halikuwepo. Nililitunga. Sikujua cha kuandika.”

Kuku aliyekuwa akichakura kando ya mkeka ndiye peke yake aliyeendelea na kazi yake.

“Lakini mimi motere niliitengeneza,” Papa Edouard akasema polepole.

“Ya boti jingine, labda,” Mama Agnès akajibu, akiangalia chini. “Mimi nadhani rangi niliiota.”

Mama Marthe akainama mkekani. Alichukua shati la juu, akalikunja, akalirudisha sandukuni. Akachukua la pili. Elsa alitamani apigwe, yaishe. Shati la nne lilipoingia, Mama Marthe akaketi juu ya kifuniko cha sanduku.

“Wale watu wa mwezini walirudi kweli?” akauliza.

“Walirudi, Mama,” Mwalimu akasema. “Hilo limo kitabuni. Na la tatu nilipaswa kulihakikisha mimi. Nisamehe.”

“Sawa.” Akamgeukia Elsa. “Sikiliza, mutoto. Miaka kumi na minne watu wananiuliza mume wangu yuko wapi, nami najibu sijui. Ni neno chungu, lakini halijanidanganya hata siku moja. Lako lilikuwa tamu, na Jumamosi ningemzika mume wangu ndani ya uongo. Usipojua, sema sijui. Usimpe mtu kitu cha kuegemea ambacho hakipo.”

“Nisamehe, Mama.”

“Kwanza nenda ukafute. Safari hii hadi kukauke.”

Elsa alifuta ubao mara tatu kwa maji na mara mbili kwa kitambaa kikavu, akasimama juani kuhakikisha mbuzi harudi. Kisha, penye mstari wa tatu, akaandika: “3. Hatujui. Kuhusu boti niliwadanganya. Elsa.” Mwenye pikipiki mmoja akapunguza mwendo, akasoma, akamtazama, akaenda zake. Kabla ya jioni mtaa wote ungejua. Aibu ilimchoma masikio, lakini shingo yake ilikuwa imeacha kuhisi baridi.

Aliporudi kumwambia Mama Marthe kwamba amemaliza, jua lilikuwa linaelekea ziwani na ukungu ulianza tena kutambaa mchangani. Sahani haikuwa kwenye kichanja. Ilikuwa mezani, mkabala na mlango, imefunikwa, na mvuke mwembamba wa ugali na mboga ya sombe ukitoka pembeni. Elsa akafika kizingitini, akasimama, hakuingia.

Mama Marthe akiwa ndani aliinua kichwa ghafla, akasikiliza. Kisha akaona ni nani.

“Kumbe ni wewe,” akasema, akafunua sahani. “Hii inapoa kila siku tangu hujazaliwa. Nawa mikono, ingia uile ingali moto.”