Chumba Alichokiacha Orla

Haya yalimkuta rafiki yangu Bo-ram, mwalimu wa masomo ya ziada mjini Gunsan. Chumba cha juu ya shule alikiomba kwa miaka; akaja Orla, mwalimu mgeni kutoka Ailandi, akapewa siku hiyo hiyo. Bo-ram akamwonea wivu. Wiki haijaisha, Orla akafunga mabegi arudi kwao.

“Dada, usihamie kule,” alimwambia mlangoni. “Kuna watu wanasoma ndani ya ukuta.”

“Yaani hata ukiondoka unaninyima?”

Bo-ram akahamia jioni ile. Giza likaingia, umeme ukakatika. Ndani ya ukuta mwanamke akaanza kuita majina, na watoto wakaitika mmoja mmoja. Kisha akaita, “Bo-ram.”

Bo-ram akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Sauti yake mwenyewe ikaitika kule ukutani: “Nipo, mwalimu.”