Pembe ya Upande wa Kushoto

Kila Jumamosi Linnea Rautio aliamka kabla ya kuku wake. Alipasua kuni za jikoni, akavunja barafu kwenye ndoo ya maji ya kuku, kisha akaokota mayai na kuyatia ndani ya koti yasipasuke kwa baridi. Jumamosi hii kazi hizo zote alizifanya mbiombio. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kwa mara ya kwanza angewinda kwa bunduki ya marehemu babu yake.

Msimu wa uwindaji wa Desemba ulikuwa wa siku nne, za kulungu wasio na pembe tu, na kibali chao kilisema hivyo waziwazi. Madume walikuwa bado na pembe zao, kwani huko kaskazini huziangusha baada ya mwaka mpya, kisha huota nyingine. Kwa hiyo watoto wa pale walifundishwa jambo moja kabla ya kufundishwa kulenga: ngoja mnyama ageuze kichwa, umwone pande zote mbili.

Shangazi Hilkka alikaa naye bega kwa bega kwenye kibanda cha mbao, wote wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa. Baridi ilikuwa imewaingia mpaka kwenye meno. Saa tatu kasorobo, kulungu mmoja akatokea kati ya misonobari, akasimama ubavu ukiwaelekea. Upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa mtupu; wa kushoto ulifichwa na matawi yenye theluji.

Shangazi alikuwa akifuta miwani iliyoshika ukungu wa chai. "Umekiona kichwa chote?" akanong'ona.

Moyo wa Linnea ulimdunda. Aliona kama kulungu angetoweka wakati wowote. "Nimekiona," akasema.

"Haya."

Bunduki ikalia, na kulungu akaanguka palepale.

Shangazi alitoa risasi zilizobaki, akaibeba bunduki mwenyewe na kuteremka hadi garini kuchukua kibao cha kumburutia kulungu. Toivo, binamu yake Linnea wa miaka kumi na minne, ambaye alikuwa akisubiri garini, akapandisha mteremko na shoka la kufyekea njia. Yeye na Linnea walifika kwa kulungu pamoja. Linnea akamgeuza kichwa. Upande wa kushoto, uliokuwa umezama kwenye theluji, kulikuwa na pembe ndefu yenye matawi manne.

"Mama yangu," Toivo akasema. "Umeua dume."

"Nilidhani ni jike."

"Kadhanie mbele ya afisa wa wanyamapori. Watachukua bunduki ya babu, unajua? Yule mwindaji aliyeua dume mwaka juzi alinyang'anywa ya kwake."

Babu alikuwa ameifuta bunduki ile kila Jumapili kwa miaka arobaini, na sasa ingepotea siku ya kwanza kuishika yeye.

"Sikiliza," Toivo akasema, sauti chini. "Moja imeshadondoka yenyewe. Na hii ingedondoka kesho. Niigonge kwa mgongo wa shoka, tuizike kwenye theluji. Nani atajua?"

Linnea aliishika pembe na kuitikisa. Haikucheza hata kidogo. Upande wa pili, mahali pa pembe iliyoanguka, palikuwa na shimo lekundu linalotoa usaha, na harufu yake ilimfanya arudi nyuma. Chini, viatu vya Shangazi vilianza kusikika kwenye theluji.

"Tuigonge au tusiigonge? Anakuja."

"Usiiguse," Linnea akasema.

Shangazi alipofika, aliitazama pembe, kisha akamtazama Linnea. Alitoa simu tu, akampigia afisa.

Walimburuta kulungu hadi kando ya barabara, wakasubiri karibu saa nzima. Afisa Pelkey alikuwa mtu mnene mwenye masharubu yaliyoganda. Alipiga magoti, akakipapasa kile kidonda kwa kidole kilichovaa glavu.

"Huyu alipigana mwezi uliopita," akasema. "Alichomwa hapa na pembe ya mwenzake, kwenye kitako cha pembe. Vijidudu vikaingia, vikala mfupa, pembe ikaanguka kabla ya wakati wake. Hii nyingine ni nzima, ingekaa mpaka Februari." Akalitupia jicho shoka la Toivo. "Ingegongwa, ingevunjika na kuacha kisiki, nami ningekiona kabla sijashuka garini."

Toivo akaanza kuchunguza kucha zake.

"Na usaha huu wakati mwingine hufika kwenye ubongo. Nyama ya mnyama kama huyu hailiwi kabla hajapimwa. Namchukua mzima." Akafungua daftari. "Sasa, msimamizi ni wewe, Bi Rautio. Kosa la mtoto huandikwa kwa mtu mzima aliyekaa naye."

"Andika," Shangazi akasema. "Macho yangu ndiyo mabovu."

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Linnea alijua kwamba akinyamaza, kosa litakuwa la Shangazi, bunduki ya babu itabaki na hakuna atakayemuuliza neno.

"Sio macho yake," akasema. "Aliniuliza kama nimekiona kichwa chote. Nikasema nimekiona. Sikukiona. Nilimdanganya."

Afisa aliinua kalamu. Akafungua ukurasa mpya.

"Naandika onyo," hatimaye akasema, "kwa majina yenu wote wawili. Jambo hili likirudiwa, bunduki nitaichukua. Kwa kuwa huyu namchukua mimi, kibali chenu hakijatumika, na kesho ndiyo siku ya mwisho ya msimu."

Jioni Shangazi aliiweka bunduki mezani mbele ya Linnea, pamoja na kitambaa na mafuta. "Ifute," akasema, akaenda kukoroga supu. Linnea aliifuta hadi supu ikaiva.

Kesho yake walikuwa kibandani mapema. Kulungu mmoja alijitokeza mahali palepale, akainamisha kichwa nyuma ya kichaka. Sikio moja tu lilionekana. Linnea alilenga, pumzi akaibana.

"Umekiona kichwa chote?" Shangazi akanong'ona.

Kulungu alipiga hatua moja kuelekea msituni. Bado kidogo atoweke.

"Bado, Shangazi."

Wakangoja. Kulungu aliingia kati ya misonobari na hakurudi. Linnea aliteremsha bunduki, machozi yakimlengalenga.

Shangazi alimmiminia chai. "Nyama tutapata leo au msimu ujao, na tusipopata tutakula kuku wako," akasema. "Jana ungeniambia hilo neno moja, tusingemwita afisa. Mtu anayeweza kusema 'bado' na moyo unamdunda, huyo naweza kukaa naye bega kwa bega hata miwani yangu ikiwa na ukungu. Sasa kunywa, kisha tazama tena."