Zamu Aliyoirudisha Losa

Jumamosi hapa Porirua, New Zealand, ni raga asubuhi, kuoga, kisha maktaba. Kwenye kompyuta ya pembeni chama chetu hucheza mchezo wa vita wa zamu: ukimaliza kusogeza askari wako, unampisha mwenzako. Mimi hucheza vibaya, kwa hiyo hutazama. Na wa kutazamwa alikuwa Wiremu.

Mji wake, we! Mto mbele, kilima nyuma, kuta nene, na mashamba ya kulisha askari mwaka mzima. Muhula wote hakuna aliyeuteka. Jumamosi moja alikuwa akijaribu rafiki yangu Losa, mwenye miaka kumi na miwili. Akiuteka kabla zamu ya ishirini haijaisha, yeye ndiye angekuwa nahodha wetu badala ya Wiremu kwenye mashindano ya Wellington.

"Losa, unashambulia au unapiga hodi?" Wiremu alimtania kwenye zamu ya kumi na tatu, kisha akatoka kwenda kununua pai.

Losa alipandwa na hasira. Akawatuma farasi wake wote langoni kwa mkupuo. Lo! Wapiga mishale waliojificha msituni wakawamaliza.

Akatazama mlangoni. Halafu akafungua kumbukumbu ya mchezo, ambako kila zamu huhifadhiwa, na kuirudisha zamu ileile, kana kwamba hakushambulia kabisa. Sheria za chama zinakataza hilo. Niliona, nikajifanya nasoma. Safari hii akaukwepa msitu, akapitia lango la mtoni, na mji ukaanguka.

Wiremu aliporudi alisimama akiutazama mji wake, pai mkononi.

"Ulijuaje kuwa nimewaficha msituni? Aisee, umeniweza, mdogo wangu. Una akili wewe!" Akampa mkono.

Losa hakuupokea. Macho yalimjaa machozi. "Sikujua. Farasi walikufa wote. Nikairudisha zamu."

"Na mimi nilimwona, nikanyamaza," nikasema. Niliona aibu kweli.

Mama Ngaire, mkutubi wetu, akavuta kiti. "Ule mchezo ulioshindwa bado upo kwenye kumbukumbu?"

"Upo, Mama."

"Basi ufungue. Endelea na huo."

Farasi hakuna. Zamu zimebaki saba. Hapo ndipo nilipomwona Losa halisi. Alilishika daraja la mto, chakula kisiingie mjini. Akayakalia mashamba. Mitambo ya kurushia mawe akaiweka mbali, mahali ambapo mishale haifiki, akawa anapiga ukuta mmoja tu, zamu baada ya zamu, bila papara. Wiremu aliacha utani, akasahau na pai yake.

"Huyu mtoto ananinyonga polepole," alininong'oneza, akitabasamu.

Zamu ya ishirini ukuta ulibomoka, lakini askari wa Losa hawakuwahi kuingia. Mchezo ukaisha.

"Nahodha nabaki mimi," Wiremu alisema. Losa akaitikia kwa kichwa. "Lakini huko Wellington, kuteka miji ni kazi yako. Sijawahi kubanwa hivi tangu nianze kucheza."

Mama Ngaire akamshika Losa bega.

"Ulipoirudisha zamu, mwanangu, ulipata siri ya mji huu mmoja tu. Ulipokubali kwamba umepigwa, ukajifunza namna ya kuteka mji. Na kule Wellington, miji ni mingine."