Kiatu Kimoja Juu ya Turubai

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kitinda alimsaidia mama yake kutandika turubai kando ya barabara kuu na kupanga viatu vya mitumba. Walimwita hivyo kwa kuwa ndiye kitindamimba, lakini kwa kupanga viatu hakuna dada yake aliyemfikia.

Ng'ambo, kwenye nyumba zenye mageti, njia za miguu zilikuwa pana na barabarani kulikuwa na matuta tele ya kupunguza mwendo, ingawa wenyeji wa huko walitembea kwa magari. Upande wao, ambako kila mtu alikwenda kwa miguu, palikuwa na kijia chembamba tu kati ya mtaro na lami. Nacho wachuuzi walikigawana, maana soko lilikuwa limejaa pomoni.

Siku hiyo Kitinda alilivuta turubai hadi ukingoni mwa lami ili aongeze safu ya viatu.

"Umebana njia, mwanangu," mama alisema.

"Biashara matangazo, mama! Watapita tu."

Mama akacheka, akamwacha.

Punde akatokea Kasuku, rafiki yake wa darasani, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. "We tajiri wa viatu, nipite wapi? Niruke?"

"Zunguka, bibi wee! Ukikanyaga, umenunua!"

Kasuku akashuka kwenye lami huku akicheka. Lori lilikuja kwa kasi, na upande ule hapakuwa na tuta la kulipunguza. Breki zikalia, watu wakapiga mayowe.

Kasuku alipokwisha kubebwa kupelekwa hospitali, kiatu chake kimoja kilibaki juu ya turubai, katikati ya vile vya kuuza. Mteja aliyefika baadaye alikiokota, akauliza cha pili kiko wapi. Kitinda alimpokonya, akaangua kilio.

Jioni baba yake Kasuku alirudi kutoka hospitali, majirani wakamzunguka. Mguu wa mtoto ulikuwa umekatwa.

"Watoto wa siku hizi hawaangalii barabara," jirani mmoja alisema, na wengine wakaitikia.

Kitinda alijua kwamba akisema kweli, huenda mama yake akafukuzwa pale, na pale ndipo walipopata chakula. Hata hivyo akasema.

"Baba, si kosa lake. Mimi ndiye niliyeziba njia."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga walisema. Lakini aliyekataa kusikia alikuwa Kitinda, na guu lililovunjika ni la Kasuku.

"Na mimi niliona, nikacheka," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Basi fungueni njia," baba yake Kasuku alisema, akaenda zake.

Kesho yake mama alikuwa wa kwanza kukunja turubai. Wachuuzi wakachanga mbao, wakafunika mtaro, wakahamia juu yake, wakivumilia uvundo wake. Tuta waliliomba kwa wakubwa, na mpaka leo wanalisubiri.

Kasuku alipopita tena, alipita kwenye njia iliyo wazi, kwa magongo. Kitinda alimpa kile kiatu, amekisafisha. Kasuku alikipokea, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno.

Mama alimshika Kitinda bega. "Umaskini ndio uliotusukuma barabarani, mwanangu. Lakini turubai tulilitandika wenyewe. Tafuta riziki yako, ila usiitandike juu ya njia ya mwenzako."