Kadi Mpya ya Heri

Siku ya gulio stendi ya Lushoto haina adabu. Makabeji yanapita vichwani, makondakta wanaitia Mlalo na Shume kwa pumzi moja, na anayesimama njiani anasukumwa mpaka ajue anakokwenda. Evelina alikuwa amesimama njiani, ndani ya sweta lake jekundu, alipomwona kijana mrefu akishuka kwenye basi na gunia la viazi begani. Kona ya chuma ilichungulia kwenye tundu la gunia, na waya mweusi ukaning'inia nyuma.

"Kaka, viazi vya wapi hivyo vina waya?"

"Vya Shume," alijibu bila kucheka. "Kule tunavichemsha kwa umeme."

"Ukiviangusha hapo hutachemsha kitu. Vilete pale mlango wa bluu nikuangalizie. Mimi ni fundi kompyuta."

"Wewe?"

"Au unamtafuta baba yangu?"

Siku hiyo hakuwa anamtafuta baba yake. Miezi minane baadaye alimtafuta, akaambiwa alete wazee wake Mlalo Jumapili, na barua ya posa mkononi kama watu wenye heshima.

Heri alikuwa analima viazi na mama yake, lakini roho yake ilikuwa kwenye ile mashine ya guniani. Alicheza gemu za mpira kwa ustadi wa kutisha, na Jumamosi, siku moja kabla ya posa, angeshindana kwa mtandao na vijana wa nchi nzima. Timu moja ya Dar ilikuwa inatafuta mchezaji. Kwa hiyo aliuza pikipiki akanunua kadi mpya ya grafiki, ile inayochora picha kwenye skrini. Jumatatu Evelina akaifunga pale dukani, wakawasha, na mashine ikatoa picha mia na kumi kwa sekunde bila kutetereka. Heri akamkumbatia mbele ya wateja. Lushoto hayo hayafanywi, na mama mmoja aliyekuja kuchaji simu alilazimika kutazama dari.

Jumanne simu ikalia.

"Evelina."

Hakusema mpenzi, wala fundi wangu. Evelina akaweka bisibisi chini.

"Abee."

"Inakwama. Dakika kumi za kwanza safi, halafu wachezaji wangu wanakimbia kama wamezama kwenye tope. Inashuka mpaka picha ishirini."

"Kebo ya skrini umeichomeka kwenye kadi, siyo pale pa zamani?"

"Kwenye kadi."

"Basi niletee, niitazame tena."

"Huko kwako itakwenda vizuri, kwangu itakwama." Alikohoa. "Nikuulize kitu, usikasirike. Kadi iliyomo humu ndiyo ile ile niliyokupa?"

Evelina aliketi juu ya kasha la betri.

"Umeuliza nini, Heri?"

"Rafiki yangu Mika anasema kuna mafundi wanabadilisha. Mpya inabaki kwao, ya zamani—"

"Mimi na wewe Jumapili tuna wageni Mlalo, halafu unaniletea maneno ya Mika?"

"Nimeuliza tu, mpenzi."

"Sasa hivi ndiyo umekumbuka mpenzi." Akakata simu.

Jibu alikuwa nalo. Kila kifaa kinachoingia dukani kwake aliandika namba yake kwenye daftari, na ya kadi ya Heri ilikuwepo, kwa mwandiko wake, tarehe na yote. Alipiga picha ukurasa ule. Alichotakiwa kufanya ni kubonyeza, ingefika. Hakubonyeza. Aliona kwamba akituma ile picha leo, atakuwa anatuma picha maisha yake yote: alikuwa wapi, alisalimiana na nani, kwa nini kachelewa. Na chini ya hasira ilikuwepo hofu nyingine, mbaya zaidi, kwamba labda kuna kitu amekiharibu kwa mikono yake mwenyewe.

Jumatano chakula hakikupita. Alhamisi mama yake alipiga simu kutoka Mlalo kuuliza wageni ni wangapi, maana mbuzi ameshafungwa uani.

"Nitakwambia kesho, mama."

"Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu." Sauti ilimtoka nyembamba hata yeye mwenyewe hakuiamini.

Ijumaa mchana, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye mabati, alivaa gauni lake la kitenge cha kijani, akatia bisibisi na daftari kwenye mkoba, akaenda Shume kwa kina Heri. Mama Heri alikuwa mlangoni anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Onga mshi?" alimjulia hali kwa lugha ya kwao.

"Ni vedi, mama."

"Ingia. Yuko ndani na huyo mgonjwa wake."

Heri alisimama haraka mno, akaangusha stuli. Ndevu hajanyoa, macho mekundu. Evelina alitamani kumshika shavu, akaishika bisibisi.

"Nimekuja kazini," alisema. "Cheza. Mimi nitatazama namba."

Alifungua dirisha dogo la vipimo pembeni ya skrini. Heri akacheza. Diski ilikuwa imetulia, kumbukumbu haijajaa hata nusu. Dakika ya nane ikapita. Ya kumi. Kisha picha zikaanza kushuka, tisini, sitini, thelathini, na wachezaji wakaingia topeni.

"Unaona?" Heri alinong'ona.

"Nyamaza." Alisogeza uso karibu. "Kadi yako inafanya kazi asilimia arobaini tu. Haijachoka, inasubiri."

"Inasubiri nini?"

"Prosesa. Huyu, ubongo wa mashine, ndiye anayeimenyea kadi viazi, nayo inakaanga. Prosesa akipunguza mkono, mafuta yanachemka bure. Na amepunguza mkono kwa sababu…" Alisoma mara mbili. "Digrii tisini na saba. Heri, anaungua. Kwenye baridi hii?"

Hapo ndipo alipogeuka kulitazama boksi lenyewe, pale kati ya kabati na ukuta. Lilikuwa limevishwa kitambaa cheupe cha kufuma, maua ya waridi kila pembe, kama televisheni ya sebuleni. Alikijua kila kishimo chake. Alikifuma yeye mwezi wa Krismasi, akampa mama Heri zawadi, tena kwa fahari yake akakitia bitana nzito kwa ndani ili kianguke vizuri.

Aliingiza kiganja chini yake. Joto la jiko.

Angeweza kukivuta taratibu akasema ni feni. Nani angejua?

"Ni mimi," alisema. "Kitambaa changu ndicho kinachoinyima hewa. Kadi ya zamani ilikuwa na joto dogo, ikavumilia. Hii mpya inatoa joto jingi, na bitana yangu inalifungia humo humo."

Alikivuta. Feni zikavuma, namba ya joto ikaanza kurudi chini, na baada ya dakika chache picha zikapanda mpaka mia na kumi zikakaa pale.

Heri hakuitazama skrini.

"Mama alitaka kukitoa, anaogopa kitachafuka. Nikamkatalia, kwa sababu umekifuma wewe."

"Hukutaka kuvua kitambaa changu, ukaweza kuniita mwizi."

"Nilikosea. Niliogopa kesho, nikamsikiliza Mika kuliko ninavyokujua. Nisamehe, Evelina."

Evelina alichukua bisibisi, akafungua ubavu wa boksi, akaweka daftari wazi juu ya goti lake. "Soma namba."

"Sihitaji kusoma."

"Soma. Sitaki kuolewa hilo swali likiwa bado ndani ya nyumba."

Heri alisoma, tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu anayeungama kanisani. Zililingana zote. Evelina akafunga daftari, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaanza kuurudishia ubavu wa boksi.

"Na Jumapili?" Heri aliuliza.

Mama Heri alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake, amesikia zaidi ya alichopaswa. Akaingia, akakiokota kile kitambaa sakafuni, akakikung'uta.

"Barua ya posa nilikuwa sina cha kuifungia," alisema, akimtazama Evelina. "Hiki kinafaa? Au tusije?"

Evelina alikipokea, akakikunja mara nne, bitana ikae ndani.

"Mama yangu atakitambua," alisema. "Mtoke mapema, mama. Mvua ikinyesha, ile barabara ya Mlalo haipitiki."